Je, kuzichoka kampeni za saratani ya matiti ni kukosa shukrani?

Swali: Shikamoo Daktari. Mama yangu mdogo alifariki mwaka jana kwa saratani ya matiti iliyokuwa imesambaa hadi kwenye mifupa na ini. Kila Oktoba ofisini kwetu tunagawiwa fulana za pinki, tunatembea, tunapiga picha, basi. Safari hii nimekataa kuvaa, na wenzangu wananiona kama mtu anayepinga jambo jema. Nasikia watu wamegawanyika: wapo wanaozisifu kampeni hizi na wapo wanaosema ni biashara tupu. Je, zina faida ya kweli? Na mimi nina kosa kuzikasirikia?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama yako mdogo. Naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa nadhani ndilo linalokuumiza zaidi: huna kosa. Mtu aliyemuuguza mgonjwa wa saratani iliyofika kwenye mifupa, akayaona maumivu yale ya usiku na namna mgonjwa anavyoogopa hata kugeuzwa kitandani, kisha akakabidhiwa fulana na kuambiwa atabasamu mbele ya kamera, ana haki ya kuuliza mambo hayo mawili yanahusiana vipi. Wala wenzako hawana nia mbaya. Tofauti yenu inatokana na kwamba kampeni hizi hudai kufanya kazi mbili kwa pamoja, na kila upande unaitazama moja. Kazi ya kwanza ni kuufanya ugonjwa utajwe hadharani bila aibu. Ya pili ni kumfikisha mwenye dalili kwenye uchunguzi na matibabu kabla muda haujampita. Ya kwanza imefanikiwa sana. Ya pili bado inasuasua mahali pengi, na hapo ndipo misimamo ya watu inapoachana.

Tusiidharau hata hivyo hiyo kazi ya kwanza. Kuna wakati hata matangazo ya vifo yalikwepa kuutaja ugonjwa huu, yakasema tu kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, na wanawake walikaa na uvimbe kifuani bila hata dada zao wa tumbo moja kujua. Betty Ford, mke wa rais wa Marekani, alipoondolewa titi mnamo Septemba 1974, wiki chache tu baada ya mumewe kuapishwa, aliruhusu habari hiyo itangazwe waziwazi. Wanawake wengi walikwenda kuchunguzwa, na takwimu za nchi hiyo zilionyesha idadi ya wagonjwa wapya ikipanda ghafla. Saratani haikuwa imeongezeka mwaka ule. Iliyokuwa imefichika ndiyo iliyobainika. Kwa hiyo anayesema kwamba kuzungumza hakusaidii chochote anasahau hali ilivyokuwa kabla watu hawajaanza kuzungumza.

Lakini kuzungumza kulikuwa na lengo, na lengo hilo limepotea njiani kwa namna ambayo pengine itakupa faraja kidogo kuijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mama mmoja wa California aitwaye Charlotte Haley, ambaye bibi yake, dada yake na binti yake wote walipatwa na saratani ya matiti, alikaa nyumbani akikata kwa mkono tepe za kuvaliwa. Tepe zake zilikuwa za rangi ya pichi. Kila kifurushi alikiambatanisha na kadi iliyoeleza kwamba bajeti ya mwaka ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikuwa dola bilioni 1.8, na kwamba asilimia 5 tu ya fedha hizo ndiyo iliyokwenda kwenye kinga, kisha ikamwomba mvaaji awaamshe watunga sheria. Mwaka 1992 jarida la Self pamoja na kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder walitaka kuutumia utepe huo. Bi. Haley alikataa, akihofia utageuzwa kuwa biashara. Wanasheria wakashauri ichaguliwe rangi nyingine, na ndivyo utepe wa waridi, yaani wa pinki, ambao leo ndio alama ya kampeni hizi, ulivyosambazwa kwa mamilioni, bila kadi ya Bi. Haley na ombi lake. Unapoikataa fulana kwa sababu haidai kitu, unasimama alipokuwa amesimama mwanamke aliyetangulia kuusambaza utepe wa ugonjwa huu.

Kuhusu biashara sitasema mengi, kwa kuwa lawama zake zinafahamika. Mwezi wa uhamasishaji wenyewe ulianzishwa mwaka 1985 kwa ushirikiano wa Chama cha Saratani cha Marekani na kitengo cha dawa cha kampuni ya Imperial Chemical Industries, ambacho baadaye kilikuja kuwa sehemu ya AstraZeneca, watengenezaji wa dawa za saratani ya matiti. Mwaka 2010 shirika la saratani ya matiti la Susan G. Komen lilishirikiana na migahawa ya KFC kuuza kuku wa kukaanga katika ndoo za rangi ya waridi, na watu wengi, madaktari wakiwamo, walishangaa. Hata vinywaji vya pombe vimewahi kuuzwa vikiwa na utepe huo, ilhali pombe ni miongoni mwa mambo yanayojulikana kuongeza hatari ya ugonjwa huu. Kikundi cha Breast Cancer Action cha San Francisco kilianzisha mwaka 2002 kampeni ya kuwataka wanunuzi waulize, kabla ya kununua chochote chenye utepe, ni kiasi gani cha fedha zao kinakwenda kwenye saratani, kinapokelewa na nani na kwa kazi gani. Maswali hayo ni ya haki, na shirika linalofanya kazi kwa uaminifu halina sababu ya kuyaogopa.

Kinachonisumbua mimi kuliko fedha ni jinsi ujumbe wenyewe unavyopokelewa. Watu hudhani kwamba tangazo likiwa zuri na likaonekana na wengi, kazi imekwisha. Utafiti haukubaliani nao. Mwaka 2011 Stefano Puntoni na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba wanawake walipokumbushwa uanauke wao, ikiwa ni pamoja na kwa rangi ya waridi yenyewe, walijiona wako mbali zaidi na hatari ya saratani ya matiti. Maelezo yao ni kwamba mtu akiguswa mahali panapohusu utambulisho wake, nafsi hujikinga: huyu anayetajwa si mimi. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1992, mtafiti Kim Witte alikuwa ameeleza jambo linalofanana na hilo kuhusu hofu, kwamba anayetishwa bila kuonyeshwa njia anayoiamini ya kujiokoa huishia kupambana na hofu yake badala ya kupambana na hatari. Hubadilisha mada au huacha kusoma mabango, na wakati mwingine huamua kwamba yote ni uongo. Kwa hiyo wale tunaowaita wapuuzaji huenda wengi wao wameuelewa ujumbe vizuri mno, wakakosa mahali pa kuupeleka.

Kuna jambo nililolishuhudia zaidi ya mara moja kwenye semina za uhamasishaji. Mtoa mafunzo huja na titi la bandia la silikoni, laini, lenye punje ngumu ndani yake, na wanawake hupokezana. Mwanzoni huwa na vicheko. Kisha anayelibonyeza husita, hurudisha vidole palepale, na uso hubadilika, kwa sababu sasa anajua uvimbe unavyohisika. Safari moja mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma, akiwa bado amelishikilia, aliuliza kwa sauti ya chini: "Nikishaukuta, naanzia wapi, na nikifika watanifanya nini?" Jibu alilopewa lilikuwa "nenda hospitali haraka", kisha likapokewa lile titi la bandia na zamu ikaendelea. Hakuambiwa aanzie dirisha gani, wala kwamba vivimbe vingi vya matiti si saratani, wala kwamba atapimwa kwa picha na kuchukuliwa kinyama kidogo kwa sindano, wala majibu huchukua muda gani au nani hulipa. Swali lake ndilo lililokuwa somo lenyewe, na lilipita bila kujibiwa.

Nalisisitiza hilo kwa sababu mafundisho ya kujibonyeza matiti kwa utaratibu maalumu kila mwezi, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa nguzo ya kampeni, yalikwisha kupimwa kwa makini. Huko Shanghai wanawake wapatao 266,000 waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vya nguo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likafundishwa na kukumbushwa mara kwa mara namna ya kujichunguza, jingine halikufundishwa. Matokeo ya mwisho, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionyesha vifo 135 vya saratani ya matiti katika kundi lililofundishwa na 131 katika kundi jingine, yaani hapakuwa na tofauti yoyote ya maana, isipokuwa kwamba waliofundishwa waligundua vivimbe vingi zaidi visivyo saratani. Hii haina maana kwamba mwanamke asiyajue matiti yake. Akiona uvimbe mpya, ngozi iliyobonyea au kukunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyozama ghafla au inayotoa damu, au uvimbe kwapani, asingoje. Maana yake ni kwamba kugundua peke yake hakuokoi. Kinachookoa ni mlolongo wote unaofuata baada ya kugundua, na mlolongo huo haupatikani kwa bango.

Hapa ndipo penye kiini cha mitazamo ya watu, na naomba univumilie nikae hapa kidogo. Mahali pengi duniani utasikia watu wakisema kwamba saratani ikiguswa kwa kisu husambaa. Wataalamu wengi huichukulia imani hiyo kuwa ujinga wa kuondolewa kwa elimu. Mimi naiona kama hitimisho lililotokana na mambo ambayo watu wameyaona kwa macho yao. Fikiria jamii ambamo wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, titi likiwa limekwisha kupasuka kidonda na ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Wanafanyiwa upasuaji, na baada ya miezi michache wanafariki. Jirani hakuona chembe za saratani zilizokuwa kwenye ini kabla ya upasuaji. Alichokiona ni mtu aliyeingia hospitali akitembea na kurudi akiwa maiti. Anahitimisha kwamba kisu ndicho kilichoua. Naye akipata uvimbe wake, ataukimbia huo kisu, atachelewa, na kifo chake kitakuwa ushahidi kwa atakayemfuata. Huwezi kulivunja duara hilo kwa kumwambia mtu huyo "saratani inatibika ikigunduliwa mapema", maana kwa uzoefu wake sentensi hiyo si kweli. Analohitaji ni kumwona na kuzungumza na mtu aliyetibiwa miaka mingi iliyopita, mtu anayemfahamu, anayeuza naye au anayesali naye, ambaye pengine hakuwahi kusema hadharani kwamba aliugua. Katika yote yanayofanyika Oktoba, ushuhuda wa namna hiyo ndio ninaouthamini kuliko vyote, na ajabu ni kwamba ndio wenye gharama ndogo.

Tena si kila anayechelewa anachelewa kwa imani. Wapo walioonyesha uvimbe wao kwa mhudumu wa afya, wakaambiwa ni wa kawaida kwa kuwa hauumi, ilhali uvimbe wa saratani mwanzoni mara nyingi hauumi. Wapo waliopewa rufaa wakakosa nauli, na waliosubiri ruhusa ya mume au kikao cha ukoo. Wapo wanaoogopa kuachwa wakikatwa titi, na hofu hiyo haina kejeli ndani yake hata kidogo, kwa sababu wameona walioachwa. Wanaume nao, ambao ni karibu asilimia moja ya wagonjwa wote, hukaa na uvimbe wao muda mrefu kwa kuwa kila walichokisikia kuhusu ugonjwa huu kiliwaambia kwamba hauwahusu. Kampeni inayomwelemea mwanamke kwa kumwambia "chukua hatua" inawasahau watu hawa wote waliomzunguka, na humwachia mgonjwa hisia kwamba akifa atakuwa amejitakia.

Takwimu zinaonyesha uzito wa jambo hili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti na 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. India ni asilimia 66, na Afrika Kusini asilimia 40. Ujumbe unafanana kokote, na utepe ni uleule. Kinachotofautiana ni kile ambacho mwenye uvimbe anakikuta akishafika hospitali. Ndiyo maana shirika hilo, katika mpango wake ulioanzishwa mwaka 2021, halikuweka lengo la kuhesabu watu waliosikia ujumbe. Liliweka malengo kwamba angalau asilimia 60 ya saratani zinazopenya tishu zigunduliwe zikiwa hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipojitokeza, na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu waliyopangiwa. Ukiwa na vipimo hivyo mkononi, unaweza kuitathmini kampeni yoyote bila kulazimika kuipenda wala kuichukia.

Sasa nirudi kwa mama yako mdogo, kwa sababu nadhani kuna jeraha jingine ambalo hukulitaja. Lugha ya Oktoba ni lugha ya vita: mashujaa, washindi, mapambano. Kwa anayemaliza matibabu, lugha hiyo huweza kumpa nguvu, na sina nia ya kumnyang'anya. Lakini mwenye saratani iliyosambaa anaisikia kwa namna nyingine kabisa. Kwa kawaida ugonjwa wake hauponi tena. Hutibiwa ili udhibitiwe, maumivu yapungue na maisha yarefuke, na wengine huishi hivyo kwa miaka kadhaa. Kwenye matembezi hana kundi la kutembea nalo, maana kuwapo kwake kunapingana na ahadi iliyoandikwa kwenye fulana. Baadhi ya wagonjwa hao walidai siku yao, na tangu mwaka 2009 huko Marekani tarehe 13 Oktoba imetengwa kwa ajili ya saratani ya matiti iliyosambaa, siku moja kati ya thelathini na moja. Mama yako mdogo hakushindwa vita. Aliugua ugonjwa ambao wakati mwingine husambaa hata kwa mtu aliyegunduliwa mapema na kutibiwa kwa utaratibu wote, na anayekuambia vinginevyo, hata kwa nia njema, hasemi kweli.

Kwa hiyo, je, kampeni zina faida? Zinayo pale zinapokwenda pamoja na huduma, na pale zinapomjibu yule mama wa kwenye semina. Bila huduma, huongeza hofu kwa wengi na faida kwa wachache. Na ukumbuke kwamba hata uchunguzi kwa watu wasio na dalili, unaohimizwa sana Oktoba, una pande mbili. Mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, huokoa maisha ya baadhi ya wanawake, lakini pia hugundua saratani ambazo zisingewahi kumdhuru mwenyewe, naye akatibiwa bila haja. Jopo huru lililoketi Uingereza mwaka 2012 lilikadiria kwamba kwa kila kifo kimoja kinachozuiwa, wanawake watatu hivi hutibiwa saratani ya namna hiyo. Mwanamke anastahili kuambiwa yote mawili na kuachiwa aamue pamoja na daktari wake, akizingatia umri wake na historia ya familia yake. Wewe mwenyewe, kwa kuwa mama mdogo ni damu ya karibu upande wa mama, mweleze daktari aliugua akiwa na umri gani na kama kuna wengine katika ukoo waliopata saratani ya matiti au ya ovari. Saratani nyingi za matiti si za kurithi. Zinazotokana na kurithi ni kati ya asilimia 5 na 10. Lakini swali hilo ni lako kuliko la mtu mwingine yeyote ofisini kwenu.

Kuhusu fulana, usijilazimishe, wala usiwalazimishe wenzako kuivua. Nakushauri uende kwa kamati inayoandaa shughuli hiyo kabla ya Oktoba ijayo, si Oktoba yenyewe ambapo kila kitu kimekwisha kuchapishwa, ukiwa na maombi machache yaliyoandikwa. Omba wajue kwa hakika ni kituo gani kinachopokea mwenye uvimbe, siku zipi, kwa gharama gani, na bima ya ofisi inalipia vipimo hadi wapi, kisha taarifa hiyo ichapishwe mgongoni mwa fulana, mahali ambapo kwa kawaida huwekwa nembo ya mfadhili. Omba sehemu ya fedha za fulana ziende kwenye nauli na malazi ya wagonjwa wanaopangiwa tibakemikali au tiba ya mionzi mbali na nyumbani, kwa kuwa wengi huacha matibabu katikati kwa sababu hiyo tu. Omba mtumishi anayeumwa apewe ruhusa ya kwenda kliniki bila kukatwa siku zake, na aliyemuuguza ndugu vilevile. Na tarehe 13, kama utakuwa na nguvu, omba upewe dakika chache useme habari za mama yako mdogo jinsi zilivyokuwa, pamoja na lini aliuona uvimbe, alikwenda wapi kwanza na aliambiwa nini, maana humo ndani kuna mambo ambayo mtu mmoja kati ya watakaokusikiliza atahitaji kuyajua. Wakikataa yote hayo, baki na msimamo wako. Wakikubali hata moja, wasaidie kulitekeleza, ukiwa umevaa fulana au hujavaa.